Krispi za sukuma wiki zinalegea ndani ya nusu saa: tatizo ni oveni, majani au hewa ya Dar?

#1 Mama Ilham
Wakuu habari. Naoka krispi za sukuma wiki nyumbani, nataka wanangu waachane na zile za viazi za pakiti. Nachambua majani, natoa kikonyo cha katikati, naosha, napaka mafuta ya alizeti na chumvi, kisha oveni ya mezani nyuzi 180 kwa dakika 12 hivi. Zikitoka, pembeni zinavunjika vizuri kabisa. Nikizitia kwenye kopo na kufunika, nusu saa haifiki zimelegea, ukizikunja hazivunjiki. Na zile za pembeni ya trei nyingine zinaungua, zinakuwa chungu hadi watoto wanatema. Niko Tabata. Kosa liko wapi?

#2 luku_kwisha
Naweka kiti hapa nisubiri majibu. Kwangu oveni ikiwashwa tu, mita inaanza kulia.

#3 Fundi_Trei
Dada, ni maji. Jani lenyewe karibu asilimia 85 hadi 90 ni maji, na wewe umeongeza ya bomba. Sukuma ina mishipa na vibonde, maji yanajificha humo hata ukikung'uta. Osha usiku, tandaza juu ya kanga safi, asubuhi ndiyo uoke.

Halafu 180 ni moto mkali mno kwa kitu chembamba namna hiyo. Mimi nashuka 140 hadi 150, dakika 20 mpaka 25, nageuza katikati. Kwa 180 pembe zinaungua wakati pale karibu na mshipa bado kuna unyevu. Ukishatoa, unyevu ule unasambaa jani zima. Ndiyo maana zinalegea hata ndani ya kopo lililofungwa.

Chukua jani moja ulitazame kwenye mwanga kabla hujazima moto. Palipokauka rangi inakuwa kijani hafifu isiyong'aa. Palipo na maji pana kijani cha kiza kinachong'aa, na ukipabonyeza panainama. Hilo jani bado.

#4 Bi Mkasi
Assalaam alaykum. Mie niko Unguja, na nakwambieni huku hata bisi zinalegea mezani wakati wa masika. Biskuti, kashata, vileja, vyote. Hewa ya pwani ina maji, mwanangu, na kitu kikavu kinayanywa.

Ila na wewe usifunike kitu kina moto. Mvuke unapanda, unagonga mfuniko, unarudi chini. Zitandaze kwenye waya zipoe kabisa, kisha chupa ya kioo yenye mfuniko wa mpira. Zikilegea zirudishe ovenini dakika 3 au 4 kwa moto mdogo, zinakuwa kama zamani.

#5 mzee_wa_uyole
Hewa isingiziwe bure. Mimi nipo Uyole, Mbeya, kuna miezi ukungu unaingia mpaka sebuleni, na krispi za mke wangu zinakaa siku kadhaa.

Angalieni chumvi. Dada ameandika wazi kwamba anapaka chumvi kabla ya kuoka. Chumvi inavuta maji kutoka ndani ya jani, yanakuja juu, jani linajichemsha badala ya kukauka. Tia chumvi likishaiva, na iwe laini. Ile ya mawe ambayo haijasafishwa ina magnesi ndani yake, hiyo inavuta unyevu hata ikiwa kabatini. Nani hajaona chumvi ya mawe ikitoa maji kwenye kikopo?

#6 Mama Ilham
Ahsanteni. Shikamoo Bi Mkasi, shikamoo mzee. Chumvi ni ya mawe kweli, naiponda. Mafuta natia vijiko vikubwa vitatu kwa mafungu mawili ya sukuma. Na nafunika zikiwa na uvuguvugu, maana watoto wakiziona zimeisha kabla ya saa nne.

#7 Shamba_Darasa
Vijiko vitatu ni vingi mno! Kijiko kimoja kikubwa kinatosha mafungu mawili, ilimradi uyasugue majani kwa mikono mpaka kila upande uwe na mng'ao mwembamba. Mafuta yakizidi jani linaloa, na ulaini wa mafuta mtu anaudhania ni wa maji.

Kuna jambo hamjaligusa. Maelekezo mengi yanayozunguka mitandaoni yametoka Ulaya na Marekani, na wao wanatumia sukuma ya mawimbi, jani jembamba lililojikunja pembe zote. Sukuma wiki yetu ina jani bapa na nene. Ni ndugu kabisa, wote ni Brassica oleracea, pamoja na kabichi na brokoli, lakini mbele ya moto hawafanani. Lile la mawimbi linakaa juu ya trei likiwa limejiinua, hewa inapita chini yake. Letu linalala, upande wa chini unabaki na mvuke.

Chagua majani machanga ya ukubwa wa kiganja. Yale makubwa ya mwisho wa msimu yana nyuzi, hayatakupa krispi hata uyaombee.

#8 njoro_254
Niko Nakuru. Shamba_Darasa, hapo kwa jani bapa nakupinga. Sokoni kwetu zote mbili zipo, na mimi naoka sukuma ya kawaida kila wiki, inakauka vizuri sana.

Shida ni kujaza trei. Oveni ya mezani trei yake ni ndogo, mafungu mawili yataingiaje? Lazima majani yamelaliana. Yakilaliana yanapikana kwa mvuke. Panga safu moja, jani lisiguse jani, rudia mara tatu au nne kama ni lazima. Na dakika za mwisho acha mlango wazi kidogo kwa kuegesha mpini wa mwiko, mvuke utoke.

#9 luku_kwisha
Mara tatu au nne, na mlango wazi! Huyu ndugu yetu wa Nakuru ana mgodi wa umeme nyumbani?

#10 Fundi_Trei
@luku_kwisha tupige hesabu. Oveni ya mezani ya wati 1,500 ikiwaka nusu saa mfululizo inakula robo tatu ya uniti. Na haiwaki mfululizo, ikifika joto inajizima na kuwaka tena. Trei tatu hazifiki uniti mbili na robo. Pakiti za dukani zinakugharimu zaidi ya hapo.

#11 baridi_minnesota
Niko Marekani, Minnesota. Namuunga mkono Bi Mkasi kwa ushahidi. Wakati wa baridi humu ndani hita inawaka kutwa, hewa inakauka mpaka midomo inapasuka. Krispi zangu zinakaa bakuli wazi na bado zinavunjika. Ikifika Julai, oveni ileile, trei ileile, nikiziacha wazi jioni zimenywea. Kama si hewa ni nini?

#12 mzee_wa_uyole
@baridi_minnesota soma tena post ya kwanza. Wewe unaacha bakuli wazi, dada anafunika kopo. Hewa iliyofungwa ndani ya kopo ina maji kiasi gani ya kulegeza krispi zote kwa nusu saa? Kidogo sana. Maji hayo yametoka kwenye majani yenyewe. Halafu na mboga zenu za baridi si sawa na za Julai, majani yaliyopigwa na baridi kali huwa na sukari zaidi. Umebadilisha vitu viwili, unalaumu kimoja.

#13 Bi Mkasi
Mzee, na kopo likifunguliwa kila dakika na watoto? Mwenyewe kasema watoto wakiziona zinaisha.

#14 kijana_wa_lindi
Wakuu, kwani lazima sukuma? Huku kwetu kisamvu kimejaa nyuma ya nyumba, bure kabisa. Nataka nikate majani machanga, nipake mafuta, nioke vilevile. Kuna mtu amejaribu?

#15 muuguzi_wa_zamu
@kijana_wa_lindi USIJARIBU. Nasema kwa msisitizo na naomba wengine mnaopita kimyakimya msome hapa.

Jani la muhogo lina kemikali inayoitwa linamarini. Jani likipondwa, kimeng'enya kilichomo ndani yake kinaivunja na kutoa sianidi, na sianidi hiyo inatoka kwa mvuke unapochemsha sufuria ikiwa wazi. Bibi zetu waliotwanga kisamvu kwenye kinu na kukichemsha muda mrefu walikuwa wanaondoa sumu. Ukilikausha jani zima kwa moto, kimeng'enya kinakufa kabla hakijafanya kazi, na linamarini inabaki palepale. Mtoto akila bakuli zima la hizo krispi ni hatari.

Kisamvu kitwangwe, kichemshwe, kiungwe kwa nazi au karanga. Ovenini hapana.

#16 kijana_wa_lindi
Duh. Nimeelewa, ahsante sana dada. Na matembele je? Mlonge?

#17 muuguzi_wa_zamu
Matembele ni majani ya viazi vitamu, hayana sumu hiyo, shida yake ni ulaini tu, yanakuwa membamba mno na kuungua upesi. Mlonge salama kwa kiasi cha chakula.

#18 mtoto_wa_dodoma
Mlonge usiuoke kama krispi, vijani vyake ni vidogo, ukifungua oveni vimekuwa majivu. Kausha kivulini, kwenye chekeche au mkeka ulioinuliwa, kisha saga na uchanganye kwenye unga.

Na mnisamehe wenye oveni, Dodoma tumekausha mlenda na majani ya kunde tangu enzi za mababu bila nyuzi 140 wala 180. Mboga ya masika inaliwa kiangazi. Kivuli ni muhimu kwa sababu jua kali la moja kwa moja linaharibu asili ya vitamini A, yaani kile ambacho mwili unakigeuza kuwa vitamini hiyo, na unaona kwa macho jani linavyogeuka rangi ya majani ya chai.

#19 njoro_254
@mtoto_wa_dodoma hiyo ni mboga ya kukausha ili ipikwe baadaye. Sisi tunaongelea kitafunwa cha kuvunjika mdomoni. Mlenda mkavu utautafuna na chai?

#20 mtoto_wa_dodoma
Njoo Dodoma mwezi wa tisa nikuonyeshe mboga iliyokauka kivulini inavyovunjika mkononi. Hewa kavu ndiyo oveni yetu. Bi Mkasi ana haki.

#21 muuguzi_wa_zamu
Maana wengi mnaandika "lishe bora", niongeze haya.

Vitamini C inaharibika kwa joto, sehemu kubwa inapotea humo ovenini. Asili ya vitamini A inavumilia zaidi, na mwili unaihitaji pamoja na mafuta ili uifyonze, kwa hiyo msiondoe mafuta kabisa mkidhani ndiyo afya. Madini ya chuma yanabaki, ila ya kwenye majani hayafyonzwi kirahisi kama ya nyama. Kamulia limao wakati wa kula, na chai isubiri, maana chai inazuia chuma kufyonzwa.

Jani likikauka linapungua uzito sana, kwa hiyo chumvi iliyoonekana kidogo kwenye mafungu mawili mabichi inajikusanya kwenye bakuli dogo. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku. Watoto chini ya hapo.

Anayetumia dawa ya kuzuia damu kuganda, warfarini, asianze ghafla kula mabakuli ya krispi za sukuma. Vitamini K iliyomo inagongana na dawa. Aongee na daktari wake kwanza. Na mtoto wa miezi asipewe kabisa, vipande vikavu vinamkaba.

#22 Shamba_Darasa
Nikazie kwa @muuguzi_wa_zamu. Mchicha una oksaleti nyingi, kemikali inayochangia mawe kwenye figo, na hiyo spinachi yetu ya sokoni yenye bua pana jeupe nayo hivyohivyo. Mwenye historia ya mawe kwenye figo asile mchicha uliookwa mbichi, aula uliochemshwa na maji yakamwagwa. Sukuma ina oksaleti kidogo sana ukilinganisha, na hiyo ni sababu nyingine ya kubaki nayo kwa krispi.

Na ujue mboga imelimwa wapi. Ile inayomwagiliwa maji machafu ya mabondeni mjini inaweza kuwa na metali nzito ndani ya jani lenyewe. Kuosha hakuondoi, kukausha hakuondoi.

#23 ChakulaBiashara
Uzi mzuri. Naona fursa hapa. Nikizifunga kwenye pakiti nzuri niuze kwenye maduka ya Masaki, naanza na kibali cha TFDA, ile mamlaka ya chakula na dawa, au manispaa?

#24 Fundi_Trei
TFDA haipo mkuu. Mwaka 2019 ilibadilishwa kuwa TMDA, ikabaki na dawa na vifaa tiba, mambo ya chakula yakahamia TBS, shirika la viwango. Anza na mafunzo ya usindikaji SIDO, shirika la viwanda vidogo, wana ofisi mikoani, watakueleza mahitaji ya jengo na lebo kabla hujapoteza hela kununua vifungashio.

#25 mzee_wa_uyole
Na kabla ya lebo, zikae kwanza bila kulegea! Mteja wa Masaki hatakuwa na subira ya Mama Ilham.

#26 Bi Mkasi
Mie kwa wajukuu zangu nimeshaacha kuoka majani matupu. Natengeneza biskuti za chumvi za mchicha.

Mchicha fungu moja, utie kwenye maji yanayochemka dakika moja, utoe, umwage maji, uukamue kwa nguvu mpaka ubaki donge kavu. Ukate mdogomdogo kabisa. Unga wa atta vikombe viwili, ufuta vijiko vikubwa viwili, uzile (bizari nyembamba) kijiko kimoja cha chai uliotwangwa nusunusu, chumvi nusu kijiko cha chai, mafuta vijiko vikubwa vitatu. Sugua mafuta na unga kwa vidole kwanza, ndipo utie mchicha. Maji utie kidogo kidogo, mchicha una yake. Donge liwe gumu kuliko la chapati. Lifunike lipumzike, kisha sukuma jembamba, unene wa mfuniko wa ndoo ya plastiki, si zaidi. Toboa kwa uma kila mahali lisivimbe, kata vipande, oka nyuzi 180 dakika 15 mpaka 20. Hapo 180 ni halali.

Anayekosa atta atie nusu unga wa mtama nusu wa ngano.

#27 njoro_254
Bi Mkasi kwa heshima zote, hiyo ni biskuti yenye madoa ya kijani. Mboga iko wapi?

#28 Bi Mkasi
Iko tumboni mwa wajukuu zangu, ambao sukuma ya kuoka waliitupia paka. Fungu zima limo humo.

#29 Shamba_Darasa
Kitaalamu Bi Mkasi amegusa kitu. Jani tupu halina wanga wa kutosha kushikilia ugumu, linabaki utando mkavu tu, tone la unyevu likiingia limekwisha. Wanga ukiokwa unajenga umbo gumu linalovumilia. Ndiyo maana biskuti inakaa wiki na krispi ya jani inakaa siku. Huenda hakuna kosa lolote kwa Mama Ilham, ni tabia ya jani.

#30 mzee_wa_uyole
Za mke wangu ni jani tupu na zinakaa. Sirudii tena.

#31 luku_kwisha
Nimevumilia, sasa na mimi nichangie. Sina oveni. Biskuti za Bi Mkasi nimezioka jana kwa sufuria: sufuria kubwa nzito, mchanga safi mkavu chini kama vidole viwili, vijiwe vitatu, juu yake sahani ya bati yenye biskuti. Mfuniko wa bati, makaa machache chini na mengi juu. Acha mchanga upate moto kwanza ndipo uingize sahani. Zimetoka za rangi ya dhahabu. Mpaka mwenye nyumba kabisha hodi kuuliza harufu inatoka wapi.

Sukuma kwa njia hii ilikataa. Ndani ya sufuria mvuke hauna pa kutokea.

#32 njoro_254
Si ndiyo nilisema? Mvuke. Safu moja na mlango wazi.

#33 mama_eafraya
Wenye eafraya, ile mashine ya kukaanga kwa hewa, inakausha sukuma vizuri kwa sababu feni inaondoa mvuke muda wote. Ila majani yakishakauka yanakuwa mepesi, yanaruka juu na kunasa kwenye koili nyekundu. Yangu yalitoa moshi. Weka kile kiwaya cha kuchomea juu yao yatulie. Nyuzi 140, dakika 6 mpaka 8, fungua utikise katikati.

#34 Mama Ilham
Mrejesho. Nimeosha usiku, nimetandaza kwenye kanga, mafuta kijiko kimoja, safu moja, nyuzi 140 dakika 22, mlango wazi mwishoni, chumvi laini baada ya kutoa, zimepoa kwenye waya. Zimekaa kwenye chupa tangu asubuhi mpaka saa kumi jioni na bado zinavunjika. Ila zile za nyuma ya trei, upande wa kushoto, zimeungua tena.

#35 mzee_wa_uyole
Hongera binti yangu. Sema umebadilisha kila kitu kwa mara moja! Sasa tutajuaje kama ni chumvi?

#36 Fundi_Trei
Ni maji, mzee. Amekausha usiku kucha.

#37 baridi_minnesota
Au jana Dar hapakuwa na mvua.

#38 Fundi_Trei
Kuhusu kona ya kushoto: oveni nyingi ndogo namba za kwenye kitufe haziaminiki, ukiweka 140 ndani inaweza kuwa zaidi, na koili zake haziko sawa pande zote. Tafuta kipimajoto cha kuning'iniza ndani ya oveni. Kabla hujakipata, zungusha trei nusu duara ukifika katikati ya muda, na majani manene yaweke kona hiyo.

#39 kijana_wa_lindi
Swali la mwisho kutoka kwangu. Majani ya maboga yanafaa? Yana vinyweleo.

#40 Shamba_Darasa
Yanafaa, ila menya nyuzi kwanza. Vunja ncha ya kikonyo, uvute taratibu kuelekea kwenye jani, ngozi yenye miiba laini inatoka pamoja na nyuzi za mishipa. Chukua machanga tu, yale ya karibu na ncha ya mtambaa. Uyasugue kwa mafuta vinyweleo vilale, na upunguze muda, ni membamba kuliko sukuma. Chungulia kuanzia dakika ya kumi.